Midomo Kumi

Katika mji huo wapo watu wasiopungua elfu tatu wanaotafuna kwa kazi ya mikono yake, na wachache sana kati yao wamewahi kumtia machoni. Hesabu ni yake mwenyewe: miaka thelathini na minne, seti mbili za meno kwa wiki, toa wiki za maradhi na za misiba. Hajisifu anapoitaja. Anaitaja kama mtu anavyotaja namba ya nyumba yake.

Huitwa Dada. Aliyeanza kumwita hivyo ni mdogo wake wa kiume, kisha wateja wakalisikia jina likipenya ukutani, wakalichukua. Sasa hata vikongwe humwita Dada, na yeye huitika.

Mwaka jana alikuwa kwenye foleni ya benki. Mzee aliyekuwa mbele yake akatupiwa neno la utani na mlinzi, akageuka, akacheka. Dada akayaona meno na papo hapo akayajua. Jino la mbele la kulia alikuwa amelipinda kidogo kwa makusudi, kwa sababu taya ile ilikuwa ya mtu aliyevunja mifupa kwa meno ujanani, na mtu wa namna hiyo ukimwekea meno yaliyonyooka kama vigae vya bafuni ataonekana ameyaazima.

"Mzee, hayakubani?" aliuliza kabla hajajizuia.

"Nini kinibane, mama?"

"Meno."

Mzee akaufunga mdomo, akamtazama juu hadi chini. "Nani kakwambia si yangu?" akasema, akampa kisogo.

Dada akabaki anatazama kisogo hicho mpaka zamu yake ilipofika. Moyoni alikuwa anafurahi. Lile jino lilikuwa limekaa vizuri.

Karakana ina vyumba viwili, katikati yake ukuta wa mbao, na kwenye ukuta kidirisha cha ukubwa wa daftari la shule. Chumba cha mbele kina kiti cha kuegemea, kioo, beseni na koti jeupe lililotundikwa. Hapo ndipo anapokaa mdogo wake, ambaye wateja humwita Daktari. Si daktari, ila hajawahi kulikana jina. Chumba cha nyuma kina meza ya mbao iliyoungua hapa na pale, taa ya spiriti, visu vya nta, sufuria ya kuchemshia na mashine ya kung'arishia. Rafu tatu zimejaa taya za plasta, nyeupe, zimepangwa kwa miaka.

Mambo yanakwenda hivi. Mteja hukaa kwenye kiti, Daktari humwekea mdomoni kibamba kilichojazwa uji mzito wa rangi ya waridi, uji ukiganda huutoa, na humo hubaki umbo la ufizi. Umbo hilo hupita kidirishani. Dada hulimiminia plasta, akapata taya ya kufanyia kazi. Juu yake hujenga tuta la nta, analirudisha mbele, Daktari anampima mteja ili kujua taya ya juu na ya chini zinakutana wapi, kisha vyote hurejea nyuma. Kuanzia hapo kazi ni ya Dada peke yake: kupanga meno moja moja kwenye nta, kuchemsha, kupiga msasa, kung'arisha. Siku ya mwisho meno hupita kidirishani yakiwa ndani ya kikombe cha maji. Mbele husikika kelele za furaha.

Pamoja na kila umbo, Daktari hutuma kikaratasi, kwa sababu anayepanga meno sharti ajue ni ya uso gani. "Mwanaume, sabini, uso mpana." "Mwanamke, mfupi, anacheka sana." Kikaratasi kimoja kiliandikwa tu "Mbishi." Dada alikipenda kuliko vyote. Akampangia mbishi huyo meno mapana, yaliyoumana sawasawa, ya mtu anayeweza kubishana mpaka jioni yasichomoke.

Kanuni ya kumweka nyuma ilitoka kwa marehemu baba yao, mwanzilishi wa karakana. Alipomleta mezani, Dada alikuwa na miaka kumi na tisa. Mikono yake ilikuwa imetulia, na baba alihitaji mikono. Lakini mbele hakumruhusu.

"Mtu akitoa meno mdomoni amevua nguo," alisema baba. "Mzee wa watu hawezi kuvua nguo mbele ya mtoto wa kike."

"Na wanawake je, Baba?"

"Wanawake nao wanamwamini mwanaume."

Basi ikawa hivyo. Mtoto wa kiume, mdogo kwake kwa miaka saba, akasimama mbele karibu na baba kila alipotoka shuleni. Dada akajifunza nyuma. Posa ilimjia mara moja, ya mwalimu wa hesabu, mtu mpole. Akatoa sharti moja: mkewe asishinde anashika midomo ya watu. Dada, ambaye hakuwa ameshika mdomo hata mmoja, alijaribu kumweleza, na mwalimu akasema kuwa ni yale yale. Aliambiwa achague. Alichagua meno.

Baba alipofariki, leseni ilihamia kwa mwana wa kiume kabla machozi hayajakauka. Hakukuwa na ugomvi. Hakuna aliyeuliza swali, na Dada mwenyewe anakiri kwamba halikumjia. Siku ya tatu alikuwa mezani, kwa kuwa kulikuwa na bibi harusi wa miaka sitini aliyetaka kucheka Jumamosi.

Kilichokuja kuyatikisa maji haya yaliyotuama ni tangazo la bodi inayosimamia kazi za meno. Kila atengenezaye meno ya bandia sharti asajiliwe. Wenye leseni za karakana wataingizwa kwenye daftari moja kwa moja kama mafundi. Wengine wote, wawe wamefanya kazi siku moja au miaka hamsini, watafanya mtihani. Atakayeshindwa au asiyefanya ataandikwa msaidizi, na msaidizi haruhusiwi kugusa kazi ila chini ya usimamizi wa fundi.

Dada alilisoma tangazo hilo mara mbili, akiwa amesimama, mkononi ameshika kisu cha nta. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kwa muda wote huo hakuwa amewahi kutaka kitu chenye jina lake. Sasa akataka. Anasema hamu hiyo ilimpata kama njaa inavyompata mtu aliyefunga siku nzima bila kuwaza chakula, halafu akapita mtu mwenye sahani.

Ili aruhusiwe kufanya mtihani alihitaji barua ya mwajiri.

"Barua ya nini tena, Dada?" Daktari aliuliza. "Wewe si upo hapa? Nani kakufukuza?"

"Hakuna aliyenifukuza. Nataka jina langu liwe kwenye daftari lao."

"Jina kwenye daftari linatafunika?"

"Lako linatafunika."

Daktari akacheka, maana hana roho mbaya na utani anaujua ukija. Kisha akaacha kucheka. "Ukisajiliwa utanikimbia wewe."

"Nikukimbie niende wapi na miguu hii? Andika barua, mdogo wangu."

Siku nne alizunguka nayo. Siku ya tano akaiweka kidirishani. Ni haki kusema kwamba aliandika ukweli: "Meno yote yaliyotoka katika karakana hii tangu mwaka alioanza yametengenezwa na yeye." Kwa mtu ambaye watu wa mtaa mzima humshukuru kwa meno yao, sentensi hiyo haikuwa rahisi. Dada aliikunja barua, akaivalia nguo yake ya Ijumaa, akaipeleka kwa miguu.

Mtihani ulikuwa wa siku mbili, katika chuo cha ufundi. Walikuwa watahiniwa kumi na mmoja, vijana watupu isipokuwa yeye, na kijana mmoja alimpisha kiti akidhani amemsindikiza mtoto wake. Siku ya kwanza ilikuwa ya plasta na nta. Dada alimaliza saa moja na nusu kabla ya wakati. Msimamizi, mwanaume mwenye sauti ya taratibu, aliyageuza meno aliyoyapanga, akayasogeza dirishani penye mwanga, akamwita mwenzake.

"Umesomea wapi, mama?"

"Nyumbani."

"Njoni muone," msimamizi aliwaambia vijana. "Hivi ndivyo jino linavyokaa kana kwamba liliota."

Usiku huo Dada alilala kama mtoto.

Siku ya pili ilikuwa ya mdomo wenyewe. Kila mtahiniwa alipewa mtu halisi asiye na meno, achukue umbo, kisha atumie matuta ya nta kupima taya zinavyokutana. Dada alipangiwa mzee mmoja karani mstaafu wa posta, kibogoyo wa miaka mingi, aliyekuja na tai shingoni.

"Karibu, mwanangu," mzee alisema, akafungua mdomo kama mlango wa ofisi.

Kilichomshtua Dada kwanza ni joto. Miaka thelathini na minne alikuwa amezijua taya zikiwa baridi, kavu, zimetulia pale anapoziweka. Huu mdomo ulikuwa na pumzi. Ulimi ulisogea wenyewe. Shavu lilimbana kidole. Alijikuta anasema "Samahani" kila baada ya sekunde kadhaa, mpaka mzee akacheka na kibamba kiko mdomoni, na uji wa waridi ukamtiririka hadi kwenye tai. Hata hivyo umbo lilitoka salama. Ikafika zamu ya matuta ya nta. Akayaweka juu na chini, akamwambia mzee neno lililoonekana la kawaida kuliko yote duniani.

"Uma, baba."

Mzee akauma. Dada akaziunganisha nta kwa kisu cha moto, akazitoa, akazipeleka mezani kwa msimamizi.

Msimamizi akazitazama, akaenda kwa mzee, akazirudisha mdomoni. "Mzee, kunja ulimi uguse nyuma kabisa, halafu meza mate." Mzee akameza. Taya ya chini ikarudi nyuma kwa upana wa punje ya mchele.

Punje ya mchele ni nyingi. Mtu asiye na meno akiambiwa aume husukuma kidevu mbele, kama mtoto anayenuna. Fundi akilichukua jibu hilo, seti nzima itatengenezwa kwa ajili ya uso wa mtu aliyenuna, na siku ya kuivaa haitamfaa yeyote. Kila anayekaa mbele anajua. Aliyekaa nyuma ya kidirisha alikuwa amepokea vipimo sahihi mara elfu tatu, akadhani taya huja hivyo.

Alirudi karakana jioni hiyo, akamkuta mdogo wake anafagia.

"Ukitaka mtu aume, unamwambiaje?"

"Nani? Mteja? Namwambia ameze mate." Daktari alisimamisha ufagio. "Kumbe hukujua, Dada? Baba alinifundisha nikiwa na miaka kumi na miwili."

Dada akaenda nyuma, akakaa mezani. Baadaye alisema kwamba kilichomuuma siku hiyo kuliko kushindwa ni kwamba miaka yote alikuwa akimdharau mdogo wake kimyakimya. Alikuwa akidhani kazi ya mbele ni kuvaa koti.

Barua ya bodi ilikuja baada ya wiki tatu. Sehemu ya kwanza: bora. Sehemu ya pili: ameshindwa. Angeweza kurudia sehemu hiyo iwapo, ndani ya miezi sita, ataleta fomu inayoonyesha kuwa ameshughulikia midomo kumi ya watu walio hai, kila mmoja ukishuhudiwa kwa sahihi na fundi aliyesajiliwa. Miezi hiyo ikipita, ataandikwa msaidizi na shauri limekwisha.

Midomo kumi. Kwa karakana inayopokea watu wawili kila wiki, mtu angedhani ni kazi ya mwezi mmoja na siku kadhaa.

Mdomo wa kwanza ulijileta. Karani wa posta alikuja akiwa amevaa tai nyingine. "Nimesikia wamekuangusha kwa sababu yangu," alisema. "Nilinuna bila kujua. Safari hii nitameza mate mpaka yakauke." Wa pili ulikuwa wa mshonaji wa duka la jirani, mwenye mapengo sita na maneno elfu.

"Huu mdomo mume wangu anajaribu kuufunga mwaka wa ishirini sasa," alimwambia Dada, akiegemea kiti. "Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniomba niufungue. Mungu akuzidishie."

Wateja wenyewe ndio walikuwa mlima. Daktari aliwauliza, kama alivyomwahidi dada yake, na Dada akiwa nyuma ya ukuta alisikia namna alivyouliza.

"Mzee, ninaye dada yangu hapa anajifunza. Ungependa ajaribu kwako, au nikufanyie mwenyewe?"

"Ajifunzie kwa wengine, Daktari. Mimi nina mdomo mmoja tu."

Wakacheka wote wawili. Mteja alipoondoka, Dada akatoa kichwa kidirishani.

"Kwa nini unawaambia najifunza?"

"Nisemeje? Si ndivyo fomu inavyosema?"

"Mwambie huyo dada yako ndiye aliyetengeneza meno ya nduguye."

"Dada." Alishusha sauti. "Nikimwambia hivyo, atauliza na mimi nilitengeneza nini."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kila ukweli katika vyumba vile viwili ulikuwa umemkalia mtu.

Alikuja mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mwanamke shupavu ambaye hotuba zake kuhusu mtoto wa kike zilikuwa zikisikika kwenye redio. Dada alipomwona kwa ufa wa mlango, akaweka kisu chini. Alivua aproni, akatoka mbele mwenyewe, akajieleza bila kupindapinda. Mwalimu mkuu alimsikiliza hadi mwisho.

"Dadangu, nakupongeza sana," akasema. "Usikate tamaa. Lakini kwa mambo ya mdomo, unisamehe, nimezoea Daktari."

Kuna waliokubali. Mwuza magazeti. Mama aliyekuwa na haraka na hakujali ni mkono wa nani. Mchungaji aliyesema kuwa kinywa chake kimekwisha kutumiwa na wengi. Wiki kwa wiki, kwa kubembeleza, Dada alifika saba. Mkono wake ulizoea joto. Alianza kugundua vitu ambavyo plasta haikuwahi kumwambia: kwamba watu hufumba macho, kwamba wengine hushika mkono wa kiti kana kwamba kinataka kukimbia, kwamba mdomo usio na meno una aibu yake na hutulia ukisemeshwa polepole. Alikuwa akirudi nyuma na kupanga meno kwa namna nyingine kidogo. Daktari aliona. Aliigeuza seti moja mkononi kwa muda mrefu, akaiweka chini.

Zilibaki wiki tatu, na midomo mitatu.

Jumapili Dada akaenda kwa mama yao. Bibi huyo ana miaka themanini na moja, anaishi na wajukuu wake wawili, watoto wa Daktari, katika chumba chenye dirisha kubwa, na meno yake, kazi ya Dada ya miaka kumi na mitano iliyopita, yalikuwa yameanza kucheza mdomoni kama funguo mfukoni. Alikuwa na mashoga wawili wa rika lake, wote vibogoyo, waliokwenda popote alipokwenda na kukataa chochote alichokataa. Dada alikuwa amewaacha makusudi. Hao ndio waliokuwa akiba yake.

Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Mama, ni wewe na wenzako wawili. Mkija Jumamosi mkanifungulia midomo, natimiza kumi."

"Na ukishatimiza?" Mama hakuinua macho.

"Narudi kwenye mtihani."

"Na ukishinda?"

Dada akaokota punje ya mpunga kwenye ungo.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Nitakuwa fundi, Mama."

"Wewe ni fundi tangu ukiwa msichana. Nani asiyejua?"

"Hakuna anayejua."

"Mimi najua. Baba yako alijua mpaka anaingia kaburini." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa dirishani. "Mdogo wako alikuja juzi. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Mtu mzima yule, ana mvi, analia."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu kibaya juu yako. Ana watoto watano, wa mwisho bado anasoma. Ukifungua mlango wako, wateja watakwenda wapi? Yeye atabaki na nini, koti?"

"Mimi sijasema nafungua mlango."

"Hujasema. Lakini nimekuzaa."

Dada alitazama mikono ya mama yake ikienda na kurudi. Hakuweza kukana. Alikuwa amekwisha kukiona chumba: cha ghorofa ya chini, chenye mwanga wa asubuhi, kiti na meza ndani ya chumba kimoja, bila ukuta.

"Na mimi, Mama?"

"Wewe una nini kinachokudai? Huna mume wa kukuuliza, huna mtoto wa kukulilia. Kitanda unacho, sahani unayo. Mwenye watu nyuma yake ndiye wa kuhurumiwa." Akautikisa ungo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini zaidi: "Mimi nilipata nafasi ya ualimu, unajua hilo? Barua ilikuja. Baba yako akasema hapana. Nilikufa?"

"Hukufa, Mama."

"Basi."

Ilikuwa mara ya kwanza Dada kusikia habari ya barua hiyo. Alitaka kuuliza iliandikwa na nani, ya shule gani, mama alikuwa na umri gani. Mama alikuwa ameinama tena kwenye ungo, na midomo yake ilikuwa imefungwa.

Mama hakuja, na wale mashoga wake wawili hawakuja. Wiki tatu zikapita. Dada alipata mdomo mmoja zaidi, wa fundi baiskeli, akapeleka fomu yenye majina manane akitumaini kwamba bodi itakuwa na ubinadamu. Karani aliihesabu kwa ncha ya kalamu, akaihesabu tena, akaipiga mhuri. Cheti kilikuja kwa posta. Kina jina lake lote, la baba na la babu, limeandikwa vizuri, na chini yake: Msaidizi. Chini ya hapo, jina la fundi msimamizi: la mdogo wake.

Kwa hiyo hakuna kilichobadilika, ila kwamba sasa kimeandikwa.

Mwezi uliofuata Mama alikuja kutengenezewa meno mapya. Dada alijua amefika kwa sauti ya fimbo. Alisikia Daktari akimketisha, akichanganya unga na maji, akimwambia akunje ulimi ameze mate. Umbo la mama yao likapita kidirishani, na safari hii Daktari hakuandika kikaratasi. Dada alilimiminia plasta. Ilipokauka, akaishika taya hiyo mikononi. Mfupa ulikuwa umeliwa na umri mpaka umebaki kama ukingo wa sahani. Alifanya kazi siku sita, na hakuwahi kufanya kazi nzuri zaidi ya hiyo. Meno mawili ya mbele aliyaachia mwanya mwembamba, kwa sababu aliwahi kumsikia shangazi mmoja akisema kwamba mama yao, alipokuwa msichana wa kupata barua, alikuwa na mwanya.

Siku ya kuvaa, chumba cha mbele kilikuwa na wateja wanne wanasubiri. Dada aliacha kung'arisha ili asikie.

"Yanabana popote, Mama?"

Meno yakagongana mara mbili, tatu.

"Hapana," Mama alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji. "Mkono wako mwepesi, mwanangu. Mungu akubariki."

"Kweli kabisa, huyu Daktari ni hazina," alidakia mteja mmoja.

Baada ya kitambo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa. Mama alisimama pale, fimbo mkononi. Hakuwa amewahi kuingia chumba hicho tangu mumewe afe. Akazitazama rafu, taya juu ya taya, kisha akamtazama binti yake aliyejaa vumbi jeupe hadi kwenye nyusi.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

Hakuwa amekula. Alikuwa akiutazama mdomo. Mwanya ulikuwa umekaa mahali pake. Lakini Mama alipotamka, Dada aliona kitu: upande wa kushoto, gego la juu lilikuwa linagusa mapema kidogo. Kwa wiki moja lisingemsumbua. Baada ya hapo lingemtoboa ufizi.

"Mama, gego la juu kushoto linatangulia. Kaa hapo nikukwangulie, ni dakika mbili."

Mama akajipapasa shavu. Akageuza shingo kuelekea chumba cha mbele, walikokuwa wale wateja wanne.

"Usijisumbue, mwanangu," akasema. "Nitamwambia mdogo wako."

Akauvuta mlango taratibu, vumbi lisije likamfuata.